Maswali yenu kuhusu mafunzo kwa vitendo hifadhini

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wanaokwenda, au waliokwisha kwenda, kufanya mafunzo kwa vitendo katika hifadhi za wanyamapori na vituo vya utafiti. Zilizofanana nimeziunganisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo, mwalimu. Hii ni wiki yangu ya tatu kituoni, na kazi niliyopewa ni kukaa mbele ya kompyuta nikipitia picha za kamera za kutega. Nyingi hazina kitu, ni majani tu. Nilikuja kuona wanyama. Niombe kubadilishiwa kazi?

Marahaba. Usiombe bado. Kamera hizi hushtuliwa na joto linalosogea. Jua likichoma majani na upepo ukayatikisa, kamera huyapiga picha kama ambavyo ingempiga mnyama. Picha tupu haziepukiki, na ugumu wa kazi uko hapohapo: anayezikimbiza ndiye anayeruka mkia wa chui uliojitokeza ukingoni.

Tuseme kituo chako kinahesabu chui. Madoa ya chui ni kama alama za vidole, hakuna wawili waliofanana. Tena madoa ya ubavu wa kushoto si yale ya kulia, ndiyo maana utakuta kamera mbili zimetegwa zikitazamana, moja kila upande wa njia. Awamu ya kwanza mmetambua chui 20. Awamu ya pili wamepita 15, na kati yao 10 ni walewale wa mwanzo. Zidisha 20 kwa 15, gawa kwa 10: makadirio ni chui 30. Hesabu za kitaalamu zina mambo zaidi ya hayo, lakini msingi wake ndio huo. Sasa chukulia kwamba jioni moja umechoka, ukawatazama juujuu chui watano kati ya wale kumi, ukawaandika kuwa wapya. Waliorudi wamebaki 5. Zidisha 20 kwa 15, gawa kwa 5: chui 60. Chui 30 wameongezeka kwenye ripoti, na porini hawapo. Atakayeisoma ripoti hiyo anaweza kuhamisha doria akiamini chui wa eneo lile wako salama.

Kwa hiyo kaa mezani, ifanye kazi hiyo vizuri. Baada ya hapo mwambie msimamizi wazi kwamba unataka kufuatana na timu inayokwenda kubadilisha betri na kadi, usimsubiri akuwaze mwenyewe. Ukifika huko uliza kwa nini kamera haielekezwi mashariki wala magharibi, na kwa nini nyasi za mbele yake hufyekwa. Baada ya kupitia maelfu ya picha za majani na mwanga wa jua, majibu utayaelewa haraka kuliko wenzako.

Nasoma takwimu, sijawahi kusoma biolojia baada ya sekondari. Je, kuna nafasi ya mtu kama mimi?

Ipo, na wengi hawaijui. Utafiti wa Snapshot Serengeti ulianza mwaka 2010 kwa kutega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Picha zilikuja kwa mamilioni, watafiti wakazidiwa, wakaomba watu wa kawaida wasaidie kupitia mtandao. Wakajiandikisha zaidi ya 28,000. Baadaye picha zilezile zilitumika kufundisha kompyuta kutambua wanyama. Vituo vingi vina kabati zilizojaa takwimu ambazo hakuna aliyepata muda wa kuzichambua. Ukiomba nafasi, usiandike tu kwamba unapenda wanyama. Andika kwamba unaweza kutumia R, programu ya kuchambua takwimu, na QGIS, ya kuchora ramani, ambazo zote ni za bure, na uambatishe uchambuzi mdogo uliowahi kuufanya mwenyewe.

Tunatembea kwa miguu kwenye mistari ya sensa, yaani njia zilizonyooka za kuhesabia wanyama. Mwenzangu siku nyingine haendi, anakaa chini ya mti na kujaza fomu. Anasema hata tukienda hatuoni kitu. Nimseme?

Barua hii nimeisoma mara tatu, maana imenigusa sana.

Zungumza naye kwanza, leo hii. Asipoacha, mweleze msimamizi kabla fomu zake hazijaingia kwenye kompyuta. Najua itakuwa vigumu kwako, mnalala hema moja na kula pamoja. Lakini takwimu ya uongo ikishachanganyika na ya kweli, kuitenganisha ni kazi kubwa, na pengine mtalazimika kutupa zote, zikiwemo ulizozitolea jasho wewe.

Kuhusu kutoona kitu: siku ya kutoona kitu ni takwimu. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, urefu wa njia mliyotembea, kisha sifuri. Bila sifuri hizo hakuna awezaye kujua kama wanyama wamepungua au kama waliotumwa kutafuta ndio waliopungua. Tena kutoonekana si sawa na kutokuwepo. Ili kukadiria nafasi ya kumkosa mnyama aliyepo, mtafiti anahitaji kujua ni safari ngapi watu walikwenda mahali palepale, lini alionekana na lini hakuonekana.

Na asidhani uongo haujulikani. Kwenye mstari wa sensa tunapima umbali kutoka kwenye mstari hadi alipokuwa mnyama, kwa sababu kadiri mnyama anavyokuwa mbali ndivyo tunavyozidi kumkosa. Mtu anayebuni huandika mita 10, 20, 30, 50. Mara chache sana utamkuta na 17 au 43. Ukichora namba zake zinasimama vilima vilima. Akiwaweka wanyama karibu na mstari kuliko walivyokuwa, hesabu hudhani upana tuliouona vizuri ni mwembamba, na idadi ya wanyama inapanda bila sababu.

Mwambie pia habari za Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Alifika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26 na bila shahada yoyote. Kwa miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia, akabaki kuwatazama kwa darubini kutoka juu ya kilima, na kila siku aliandika. Ilikuwa Novemba alipomwona sokwe akitumia vijiti kuvua mchwa, jambo lililobadilisha fikra za wanasayansi kuhusu nani anatengeneza zana. Kama angeishia kukaa kambini kwa sababu haoni kitu, asingekuwa pale kilimani siku ile.

Kuna mradi unadai ada kubwa na kuahidi kwamba nitanyonyesha watoto wa simba kwa chupa na kupiga nao picha. Wanauita mafunzo ya uhifadhi. Niende?

Usiende. Mtoto wa simba mwenye afya yuko na mama yake. Anayepakatwa na wageni kila siku huzoea watu, na aliyezoea watu ni vigumu mno kumrudisha porini. Waulize: watoto hawa wametoka wapi, wakikua wanakwenda wapi, na ni utafiti gani umechapishwa kutokana na kazi yenu? Wakikosa jibu, umeshajua.

Nimepangiwa kufuatana na askari wa wanyamapori. Ni watu wazima kuliko mimi, wengine hawakumaliza shule, na naona wananichukulia kama mzigo. Nijiweke vipi?

Kwa sasa wewe ni mzigo kweli, mwanangu, nasi sote tulianzia hapo. Wanatembea kwa tahadhari zaidi kwa sababu yako.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipangiwa na mzee mmoja ambaye hakuwa na cheti hata kimoja. Asubuhi moja tulikuta kinyesi cha tembo. Mimi nikatoa rula nipime. Yeye akachuchumaa, akaingiza kidole kuona kama kuna joto, akatazama mbawakawa walioanza kukibeba, akanionyesha vijiti na magamba ya mti ndani yake, kisha akasema tembo huyu amepita alfajiri, na anakula magome kwa sababu majani huko alikotoka yamekauka. Tukafuata nyayo. Kabla jua halijawa kali tulimwona, amesimama kivulini, na magome ya mti yamechunwa kando yake. Tangu siku ile rula yangu hutoka baada ya maswali.

Waamkie, beba maji yako, usibaki nyuma, usiongee ovyo mnapokuwa kwenye nyasi ndefu. Wakikwambia simama, simama. Sababu utaiuliza baadaye. Na ukiandika ripoti, mchango wao uutaje wazi kwenye shukrani.

Kuhusu afya na mavazi, nijiandae na nini? (Wameuliza wanne.)

Muone daktari mapema kuhusu malaria na chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa kama utashika popo au wanyama walao nyama. Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama ulichanjwa. Kwenye mbung'o usivae buluu wala nyeusi. Rangi hizo huwavuta, na ndizo zinazotumika kushonea mitego yao.

Naweza kuweka mtandaoni picha ninazopiga?

Uliza sera ya kituo kwanza. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigiwa, na jangili anaweza kuisoma. Vifaru usiwaweke kabisa, hata ukifuta mahali, maana mlima au mti wa nyuma unatosha kumwelekeza mtu.

Nasoma nje ya nchi. Naweza kurudi na manyoya na damu ya wanyama kwa ajili ya maabara ya chuo?

Si bila vibali. Kama mnyama huyo yuko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini mwaka 1973, hata sehemu ndogo ya mwili wake inahitaji kibali kuvuka mpaka. Itifaki ya Nagoya nayo, inayotumika tangu 2014, inahusu ridhaa ya nchi yenye rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa yake. Vibali huchukua miezi. Anza kabla ya kukata tiketi, na uliza kama vipimo haviwezi kufanyika hukohuko.

Nimemaliza. Takwimu nilizokusanya ni zangu au za kituo?

Soma ulichosaini, mara nyingi ni za kituo, nawe unaruhusiwa kuzitumia kwenye tasnifu. Vyovyote iwavyo, usiondoke na nakala pekee. Acha kituoni faili zote, daftari lenyewe, na ukurasa mmoja unaoeleza kila safu ina maana gani: "U" ni umbali wa nini, kwa mita au kwa hatua, na nafasi iliyoachwa wazi ni sifuri au ni siku ambayo hamkwenda.