Chaja ya Kompyuta Hufia Shingoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbeya aliniandikia akiuliza chaja ya kampuni gani hudumu, kwa kuwa ya kwake imekufa tena na amechoka kununua nyingine. Anatafsiri nyaraka akiwa nyumbani, kama wengi wenu mnaojitafutia riziki kwa kompyuta mpakato bila kuajiriwa na mtu. Nilimuuliza chaja yake imekufia wapi. Akajibu kwamba hajui, anachojua ni kwamba haipeleki umeme. Jibu hilo limenikalia kichwani, maana sijaona kifaa kinachotupwa bila kuchunguzwa kama chaja ya kompyuta. Mtu anayejua kila kona ya simu yake hukuambia tu kwamba chaja imekufa, kisha anakwenda dukani.

Mimi hupanga kurasa za vitabu na ripoti, na kwa muda mrefu kazi hiyo niliifanyia sebuleni, katika nyumba ya kupanga kule Tabata, nimekaa kwenye kochi na kompyuta ipo mapajani. Chaja ilianza na dalili mnazozijua: alama ya umeme kwenye kona ya skrini inakuja na kupotea, ukiusogeza waya kidogo inarudi, ukishusha pumzi inapotea tena. Nikaujua mkao ambao waya ule uliukubali, yaani ukunjwe kuelekea kushoto na kubanwa chini ya mto wa kochi, na nikawakataza watoto wasipite upande huo. Usiku niliotakiwa kukabidhi ripoti ya taasisi moja, mkao huo nao ukagoma. Nilishika waya kwa dole gumba la mkono wa kushoto na kufanya kazi kwa mkono wa kulia, mpaka mpira ukapata moto kiasi cha kutoshikika, na kompyuta ikazima.

Asubuhi nilimwandikia mteja nikamweleza yaliyonipata. Alinijibu kwa sentensi moja, kwamba watu wa kazi za nyumbani hatukosi sababu. Kazi ile akampa mwingine, na nyingine zilizokuwa zifuate sikuziona. Leo napangia kurasa watu wakubwa kuliko yeye, na ninalisema hilo bila haya, lakini sentensi ile bado inaniwasha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba maelezo yangu yalikuwa ya kweli, na yakapokelewa kama uongo kwa sababu kila mvivu wa mji huu amekwisha kuyatumia.

Fundi niliyempelekea chaja hiyo pale Kariakoo hakuanza na mita. Aliupitisha waya kati ya vidole kuanzia kwenye boksi la chaja hadi kwenye kichwa kinachoingia kwenye kompyuta, akasimama sentimita chache kabla ya kichwa, akapasua mpira kwa wembe. Nilitarajia kuona nyaya mbili zilizolala sambamba. Badala yake kulikuwa na waya mmoja katikati uliovikwa plastiki, na nyuzi nyembamba za shaba zisizohesabika zikiuzunguka pande zote. Umeme huenda kwa waya wa katikati na kurudi kwa hizo nyuzi za nje. Alipopasua, nyuzi zilikuwa zimeingia weusi, nyingi zimekatika na kuacha ncha kali, na plastiki ya ndani imegeuka rangi ya kahawia. Akaendelea kupasua kurudi nyuma kidogo tu, na hapo shaba ilikuwa safi, inang'aa. Waya wote ulikuwa mzima isipokuwa kipande kifupi kuliko kidole changu cha mwisho.

Hiyo ndiyo shingo ya chaja, na ndipo karibu zote hufia. Waya unaokunjika unakutana na plastiki ngumu isiyokunjika, kwa hiyo kila mkunjo unaishia mahali palepale. Shaba haichoki kwa sababu ya umri. Inachoka kwa kukunjwa mara nyingi pahali pamoja, kama mafundi ujenzi wanavyokata waya wa kufungia nondo bila koleo kwa kuukunja huku na huku mpaka uachie. Ule mpira wenye mikato mikato uliowekwa shingoni si pambo. Kazi yake ni kuutawanya mkunjo katika sehemu ndefu zaidi, na watengenezaji wanaoufupisha ili chaja ipendeze machoni wanafupisha maisha yake.

Joto nalo lina hesabu yake. Chaja ya kawaida ya wati 65 hutoa volti 19.5 na ampea 3.34. Nyuzi zikikatika kiasi kwamba ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaongezeka shingoni kwa nusu omu tu, chukua ampea uzizidishe kwa ampea, kisha uzidishe kwa huo ukinzani: unapata zaidi ya wati 5 za joto, zote zimejikusanya kwenye kipande cha upana wa kidole. Ndiyo maana mpira hulainika, kisha hugeuka rangi, kisha hutoa harufu. Shingo ya chaja ikiwa ya moto kuliko boksi lake, usisubiri alama ianze kupotea. Chomoa.

Tangu siku ile naitazama shingo kwanza. Silazi kompyuta mapajani huku inachaji ikiwa kichwa cha chaja kinagusa paja, kwa sababu paja ndilo linaloukunja waya. Siuzungushi waya kwenye boksi ukakaza; ninauacha utengeneze kitanzi kilegevu pale unapotokea kwenye boksi, ndipo ninauviringisha kwa duara kubwa. Siuchomoi kwa kuvuta waya. Tena kuna kile kinundu kigumu kilicho karibu na mwisho wa waya, ambacho watu hudhani ni alama ya kampuni. Ndani yake kuna kipande cha feraiti, aina ya kauri yenye usumaku, cha kupunguza usumbufu wa mawimbi, na feraiti ni nzito. Kikining'inia kwenye ukingo wa meza kutwa nzima, kinaivuta shingo kutwa nzima. Kiweke juu ya meza. Ile mbinu ya kufunga springi ya kalamu shingoni nimeijaribu pia, na naona inaufaa waya mwembamba wa simu. Waya mnene wa kompyuta unaipindisha springi na kuendelea na mambo yake.

Jasho na mafuta ya mikono huulainisha mpira wa baadhi ya nyaya mpaka ukawa unanata, kwa hiyo ufute kwa kitambaa kikavu. Panya sina dawa yao.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mtu anayejiita mfanyakazi wa kujitegemea, anayedai alipwe kama wenye ofisi, hawezi kufungua kompyuta mbele ya mteja akatoa chaja iliyovikwa selotepu tabaka kwa tabaka. Selotepu inaficha shaba iliyokatika, haiiungi. Wengi wetu tuna pesa ya kifurushi kila wiki, lakini chaja ya akiba tunaiona anasa mpaka usiku wa kukabidhi kazi. Mteja hana wajibu wa kuujua waya wako. Mimi sasa nina chaja mbili, moja haitoki nyumbani na nyingine haitoki kwenye begi, na shingo zote mbili nazipapasa kabla ya kuanza kazi yoyote yenye tarehe.

Ukilazimika kununua, tazama kwanza ni sehemu gani iliyokufa. Ule waya wa ukutani unaochomekwa kwenye boksi huuzwa peke yake kwa bei ndogo, na nimeona watu wakinunua chaja nzima wakati ulioharibika ni huo tu, au ni fyuzi iliyomo kwenye plagi. Waliochukua kompyuta za mtumba kutoka Ulaya wanapewa plagi ya pini mbili za mviringo, kisha wanachokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili pini ziingie. Zinaingia, lakini hazikai. Zinacheza, zinatoa cheche, na soketi inaungua. Nunua waya wa pini tatu bapa wenye fyuzi. Boksi halijali waya umetoka nchi gani.

Kwenye chaja yenyewe soma maandishi madogo. Volti ziwe zilezile za chaja ya zamani. Ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea kubwa haziichomi kompyuta, kwa kuwa kompyuta huchukua inazohitaji tu. Chaja yenye ampea pungufu ndiyo inayochemka. Kompyuta nyingi za Dell na HP za kabla ya USB-C zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, ambayo huiarifu kompyuta ukubwa wa chaja. Waya wake mwembamba ukikatika shingoni, kompyuta inaweza kuwaka vizuri tu huku betri ikikataa kujaa, na wengi hukimbilia kubadilisha betri isiyo na kosa.

Wenye uwezo wa kuchagua kompyuta, chagueni inayochaji kwa USB-C yenye waya unaochomoka pande zote mbili, maana shingo ikifa unabadilisha waya peke yake. Umoja wa Ulaya uliziwekea simu sharti la tundu hilo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na ukazipangia kompyuta mpakato tarehe 28 Aprili 2026, kwa hiyo hata mtumba wa miaka ijayo utakuja na tundu hilo. Ila usichukue waya wowote ulio karibu. Wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo unahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu ndani ya kichwa chake, na ule uliokuja na simu mara nyingi hauna.

Ukiamua kutengeneza, mwambie fundi akate kipande chote kilichoingia weusi, arudi nyuma mpaka aione shaba inayong'aa, ndipo alehemu kichwa kipya kwa risasi. Asisokote nyuzi kwa vidole na kuzifunika kwa tepu. Waya utakuwa mfupi kidogo, nawe utavumilia. Kabla ya kumlipa, chomeka chaja kwenye kompyuta yako iliyowashwa, uikunje shingo taratibu pande zote huku ukiikodolea macho ile alama ya umeme. Ikipotea hata mara moja, mrudishie afanye upya.