Majaja wapya, mtoto ana mama yake

Mwaka huu kundi la majaja, yaani bibi wanaolea wajukuu, katika ushirika wetu wa kanisa hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, limepata akina mama wengi ambao nywele zao bado ni nyeusi kabisa. Binti amepata kazi za ndani Uarabuni, au amehamia Kampala kutafuta maisha, mtoto ameachwa na begi la nguo, na bibi mwenyewe bado ana kitinda mimba wake shule ya msingi. Nawapenda na naiona kazi mnayoifanya. Lakini Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili nikisimama nanyi chini ya mwembe na kusikiliza mnavyozungumza na wajukuu wenu, nasikia maneno yale yale yaliyowaponza wakubwa wetu, na siwezi kunyamaza eti kwa sababu ninyi ni watu wazima.

Ninyi ni wanawake wa kanisani. Mnajua zamu ya kufua vitambaa vya meza ya Bwana, mnajua kupikia wageni wa Dayosisi ya Bukedi bila kuambiwa wanafika saa ngapi, mnajua kukesha na wafiwa. Kulea mmeshalea. Ndiyo maana mnamchukua mjukuu mkidhani ni mwendelezo tu. Kazi hii ni nyingine, ina utaratibu wake.

1. Kabla mama mtu hajapanda basi, chukua karatasi. Kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA, ofisi ya usajili wa watu, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inayotaja wazazi wa mtoto na wewe unayebaki naye. Msiniambie atatuma picha kwa simu. Muhula uliopita nilimsindikiza mwenzetu mmoja shuleni kuandikisha mjukuu: kadi ina jina la nyumbani, bibi anamwita jina la ubatizo, cheti hakipo, mama yuko Riyadh na simu amenyang'anywa mpaka Ijumaa. Tulirudi na mtoto wetu na begi lake jipya mgongoni, analia njia nzima. Na hiyo kadi isomeni, msiitunze tu chini ya godoro. Tangu Aprili 2025 Wizara ya Afya imeanza kutoa chanjo ya malaria, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo naogopa mtaisahau, maana wakati huo mtoto anakimbiza kuku na hakuna anayemfikiria kama mtoto wa kliniki.

2. Homa haingoji ushirika uishe. Mtoto akichemka, mpeleke kwa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, akatobolewe kidole kupimwa malaria siku hiyo hiyo, na maombi myafanye mkiwa njiani.

3. Usijifanye mama yake.

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ninapowaona mkianguka. Ninachosimulia si changu. Ni cha mama mmoja mkubwa wa ushirika wetu, mjane, ambaye alikiweka nuruni mbele yetu sote, na nilipomwomba ruhusa ya kuwaandikia aliniambia nisipunguze neno.

Binti yake alikwenda Saudia kwa mkataba wa miaka miwili, akaacha mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika stuli. Mle ndani mlikuwa na watoto wengine wa yule mama, wote wanamwita mama, na kale katoto kakaanza kumwita hivyo hivyo. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alimbeba. Watu kanisani wakamwambia Mungu amempa mtoto wa uzeeni kama Sara, naye akaitika amina. Alituambia kwamba angeweza kumrekebisha mtoto siku ile ile kwa maneno mawili, akaacha, kwa sababu jina hilo lilimtuliza moyo. Mumewe alikuwa amefariki karibuni.

Binti alikuwa anapiga simu Ijumaa jioni, ndiyo siku aliyopewa simu na mabosi wake. Mwanzoni mtoto aliwekewa uso wa mama yake kwenye kioo, akauparamia na kuulamba. Baadaye akawa na michezo yake, anakimbia, na bibi hakumfuata. "Analala." "Yuko kwa jirani." Kisha pesa zikachelewa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ada ya chekechea inadaiwa, na yule mama, akiwa na uchungu wake, akasema mbele ya mtoto kwamba huyo aliyeko huko amewasahau. Alikuja kujua baadaye kwamba mshahara ulikuwa umezuiliwa, na kwamba binti alikuwa akilala jikoni na kuficha hilo ili mama yake asiugue presha.

Mkataba ukaongezwa. Katika muda wote huo binti aliomba kitu kimoja tu: amchoree unyayo wa mtoto kwenye karatasi ampigie picha, anunue viatu. Mama aliitikia kila mara. Hakuchora.

Basi siku binti aliporudi, ametoka Entebbe usiku na kufika Tororo asubuhi, mtoto alijificha nyuma ya gauni la bibi yake. Binti alipiga magoti pale mlangoni, hata maji hajanywa, akafungua boksi. Viatu vyeusi vya shule, vya ngozi, vyenye kishikizo pembeni. Akauweka mguu wa mtoto ndani. Visigino vikabaki nje. Akatoa soksi, akajaribu tena. Akapaka poda, akasukuma kwa kidole gumba taratibu taratibu, na mtoto akaanza kulia na kumtazama bibi yake, akasema, "Mama, mwambie anti aniache." Binti akavirudisha viatu kwenye boksi, akafunika na ile karatasi nyembamba iliyokuja navyo, akaikunja vizuri kona zote. Hakugomba. Mwezi haukuisha akarudi Uarabuni, safari hii bila kuaga ushirika, na Ijumaa simu haikulia.

Mnajua desturi yetu ya uamsho, ya kutubu mbele ya wenzetu. Tangu Simeoni Nsibambi, Mganda, na Daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, walipokutana pale Namirembe mwaka 1929 na kuanza kutafuta utakaso pamoja, watu wetu wamezoea kusimama na kutaja walichoiba, waliyemchukia, walichokunywa gizani. Nimekulia katika hayo, nimesikia mengi. Lakini sikuwahi kumsikia bibi akisimama kutubu kwa sababu ya namna alivyompenda mjukuu. Yule mama alisimama akasema, "Nilimwibia mwanangu mtoto wake, na mlinipongeza." Kanisa zima likanyamaza, maana ni kweli tulimpongeza. Hata mimi nilikuwamo katika waliosema habari za Sara.

Aliandika barua, akamwomba binti msamaha bila kueleza sababu za kujitetea. Ilichukua muda mrefu kabla simu haijalia tena. Leo wanazungumza, mtoto amekuwa kijana, anamwita mama yake mama, ingawa hulitamka kwa kusita kidogo na sote tunasikia. Miaka ile haikurudi.

Someni Ruthu sura ya 4 mpaka mwisho. Naomi alimpakata mtoto kifuani akawa mlezi wake, na majirani wakapiga kelele kwamba Naomi amezaliwa mwana. Ni majirani waliosema. Naomi mwenyewe hatuambiwi kwamba alisema hivyo, na Ruthu alikuwa pale pale nyumbani. Basi majirani zenu wakisema, warekebisheni kwa upole: huyu ni mtoto wa binti yangu, mimi ni jaja yake, Mungu amenipa nimtunze.

Vitendo vyake ni vyepesi. Picha ya mama iwe ukutani usawa wa macho ya mtoto, si juu karibu na kalenda ya dayosisi. Saa ya simu mtoto awe ameshakula na ameoga, na wewe ukae chini naye hata kama hana la kusema. Mwambie mama yake akusimulie alichopika. Nguo ikija, sema nani ameinunua. Pesa zikikawia, uliza mkiwa wawili tu, na anza kwa kumuuliza kama yuko salama. Kila muhula unapoanza chora unyayo kwenye karatasi, andika tarehe, tuma. Kundi letu sasa tunafanya hivyo pamoja, watoto wanapanga foleni wakicheka kwa sababu kalamu inawatekenya.

4. Pesa za mtoto ziandikwe kwenye daftari lake: unifomu, chakula cha shule, dawa, sabuni. Jengo la kanisa lina harambee zake. Lisijengwe kwa karo ya mjukuu wako, hata kama jina lako linasomwa mbele.

5. Ibada ya nyumbani haipungukiwi kitu mbele ya Mungu. Nasema hivi kwa sababu kuna mmoja wenu, na anajijua, aliyeshinda Jumamosi nzima akipiga pasi kanzu za kwaya wakati wajukuu wanakula posho kavu, ugali bila mboga, kwa jirani. Mdogo wangu, nilitamani kukutoa pale kwa mkono. Umoja wa Akina Mama mnaouvalia sare kwa fahari ulianzishwa mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa kasisi katika kijiji cha Old Alresford huko Uingereza. Binti yake mkubwa alikuwa amejifungua, naye akakumbuka hofu aliyokuwa nayo alipopewa mtoto wake wa kwanza mikononi, akataka akina mama wasaidiane. Alipowaita wanawake wa parokia nyumbani kwake, aliingiwa na woga hata akashindwa kusema nao, akawaomba warudi juma lililofuata. Walirudi. Kwa hiyo jambo hili lilianza na jaja mpya aliyemwonea binti yake huruma, kabla ya bendera na kabla ya sare. Ukikosa kikao kwa sababu mtoto ana surua, hujaukosea Umoja huo. Tutakuja sisi kwako, na sufuria.

6. Babu naye afanye kazi. Wanaume wa kota za reli tulioolewa nao walijua kupiga pasi sare mpaka mkunjo ukakata karatasi. Kuogesha mtoto hakuwezi kuwashinda. Mume wangu ndiye anayewapikia wajukuu uji wa wimbi asubuhi, na wanakataa wa kwangu kwa sababu yeye huongeza karanga zilizosagwa.

7. Sala ya jioni iwe fupi, na mtoto aombe kwa maneno yake. Hiki kidogo nakipenda kuliko vyote. Nyumbani kwetu tunaanza kwa kumtaja mama yake kila mtoto kwa jina, na alipo: Dubai, Kampala, Malaba. Kiswahili chetu tulikipata kwenye kota, ambapo watu wa kila kabila walikutana hapa njia ya reli inapogawanyika kwenda Soroti na kwenda Kampala, lakini watoto huomba kwa lugha yoyote inayowajia, Kidhopadhola, Kiteso, Kiganda, na hatumkatizi mtu. Mjukuu wangu wa kike alimwomba Mungu kwa muda mrefu sana kuhusu kuku anayekula mayai yake mwenyewe, akaeleza rangi ya kuku, akaeleza kiota, ndugu zake wakaanza kusinzia, kisha akamalizia, "na mama apewe likizo." Nilimwandikia binti yangu ombi hilo neno kwa neno usiku ule ule. Aliniambia alilisoma kila siku mpaka likizo ikapatikana. Kama ningemfundisha mtoto sala iliyonyooka, mama yake asingepata ombi lile.

Na Paulo aliyemwandikia Timotheo alitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Wote wawili wametajwa, na kwa mpangilio huo. Loisi hakumruka binti yake kumfikia mjukuu, nanyi msimruke wa kwenu.

Alhamisi hii tukutane saa tisa, kwenye darasa la Shule ya Jumapili, si kanisani, kwa sababu kuna harusi inapambwa. Njooni na kadi za chanjo na madaftari. Muuguzi wa kituo cha afya ameahidi kupitia kadi moja moja. Ambaye binti yake yuko nyumbani kwa likizo aje naye, na yeye ndiye atakayembeba mtoto.