Waya wa antena kwa redio za ridhaa: upi ufae Mwanza

Kabla hujauliza bei, jua mambo mawili: utatumia masafa gani, na waya utakuwa mrefu kiasi gani kutoka redioni hadi antena. Mita 10 za RG-58, waya mwembamba wa koaksi, kwenye 7 MHz hazina neno. Mita 30 za waya huohuo kwenye 145 MHz ni balaa: zinapoteza desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha upotevu wa nguvu), kwa hiyo redio ikitoa wati 50, antena inapata 12 au 13. Kwa urefu huo RG-213, nene ya milimita 10, inafikisha wati 26 hivi, na LMR-400, nene vilevile lakini yenye foamu ndani, inafikisha kama 35. Kwenye kupokea unapoteza kiasi hichohicho.

Mita 30 si nyingi kwa Mwanza. Anayekaa Bugando au Capri Point hupenda kusimamisha mlingoti juu ya jiwe, nyumba ikabaki chini, na waya unazunguka majabali.

Mfuko ukibana, usiudharau waya wa dishi, RG-6. Ni wa omu 75, si 50 kama hizo nyingine, lakini kwa antena ya omu 50 tofauti hiyo inaleta SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa badala ya kutoka) ya 1.5 tu ndani ya waya; redioni inaweza kusomeka 2 hivi kutegemea urefu wa waya, na redio nyingi zinaivumilia. Ukiwa mzuri, upotevu wake kwenye 145 MHz unakaribia ule wa RG-213. Shida iko kwenye konekta: karatasi ya alumini iliyo ndani ya waya huu haishiki risasi ya kuchomea, kwa hiyo tumia konekta za F za kubana, kisha adapta ya kwenda PL-259, konekta ya kawaida ya redio hizi. Mimi ningeuchagua huo kuliko RG-58 ndefu, bila kusita.

Dukani omba ukate kipande kidogo. Wavu wa shaba ukiwa na mianya mikubwa, uache. Kwangua waya wa kati kwa kisu: weupe chini ya wekundu ni alumini au chuma kilichopakwa shaba. Sumaku itakuambia kipi. Chuma ni kawaida kwenye RG-6 na hakina madhara kwenye VHF (masafa kama 145 MHz), ila kwenye masafa ya chini kabisa ya HF (chini ya 30 MHz) kinaongeza upotevu.

Sasa jambo linalowapoteza wengi: SWR nzuri redioni haithibitishi kuwa antena ni nzima. Waya unaopoteza desibeli 6 unaimeza nguvu inayorudi pia. Antena ikichomoka kabisa huko juu, mita ya chini itasoma kama 1.7, nawe utaendelea kuita bila kujibiwa. Pima waya wenyewe: acha ncha ya juu wazi, unganisha NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena na waya, chini, soma nguvu inayorudi kwa desibeli, gawa kwa 2. Hicho ndicho waya unachopoteza. Usifanye hivyo kwa kurusha na redio yenyewe. Andika jibu siku ya kwanza, rudia kila mwaka kabla ya mvua za vuli.

Maji ndiyo yanayoua waya huku ziwani. Yanaingilia kwenye konekta, kisha yanatembea ndani ya wavu. Chomea PL-259 kwa pasi ya risasi ya wati 60 au zaidi. Ya wati 30 inapasha polepole, plastiki ya ndani inayeyuka na risasi haijashika. Juu yake vuta tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, halafu tepu nyeusi ya umeme ukianzia chini kupanda juu, ili mikunjo ipishane kama bati za paa. Kabla waya haujaingia ukutani, uache ushuke chini ya tundu ndipo upande, matone yadondoke nje. LMR-400 usiikunje kwa nguvu: foamu ya ndani inaminyika na haijirudi.

Upotevu ukipanda, fungua konekta ya juu kwanza. Wavu ukiwa mweusi au wa kijani, kata kurudi nyuma hadi uone shaba inayong'aa. Ukikata mita nzima na bado ni mweusi, badilisha waya wote.