Muulize Mama Pacha: Kurwa anasimama dede, Doto hata kutambaa bado

Wiki hii meseji za wenye mapacha zimekuwa nyingi mpaka nikajiuliza mwaka huu kuna nini, yani wawili wawili, watatu watatu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana na mimi yalinikuta.

SWALI: Shikamoo Mama Pacha. Nakaa Kigamboni, nina mapacha wa kike, nilijifungua wiki ya 32 kwa hiyo walikuwa njiti, nikakaa nao wodini nimewabeba kifuani ndani ya kanga mpaka wakafikisha uzito wa kuruhusiwa. Sasa hivi wana miezi 10. Kurwa anashika stuli anasimama dede, Doto ye ukimkalisha anakaa kidogo afu anadondokea ubavu, kutambaa ndo kabisa hamna. Mama mkwe anasema Doto kabemendwa na akisema hivyo ananiangalia mimi, jirani naye anasema Kurwa alimnyonya mwenzie nguvu tangu tumboni. Nilitaka kumnunulia Doto woka achangamke miguu. Halafu mama mkwe huyo huyo anataka mwaka mmoja tufanye bethdei kubwa, na mi roho inasita, watu watakuja kula pilau huku wanawalinganisha wanangu. Nifanyeje?
Mama Wawili, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja, maana wa kwako ni wa kupewa vyote viwili.

Tuanze na hesabu. Mimba inahesabiwa wiki 40, wewe umejifungua ya 32, hapo kuna wiki 8 wanao walizikosa tumboni, karibu miezi miwili. Kwa hiyo ukija kwenye mambo ya kukaa, kutambaa na kusimama hao hawana miezi 10, wana 8. Hesabu hiyo nenda nayo mpaka watimize miaka miwili. Ila chanjo hazipunguziwi hata siku moja, ile ya surua na rubela ya miezi 9 ni miezi 9 tangu siku waliyozaliwa, kwa hiyo kama ulikuwa unasubiri "wakue kwanza" kesho asubuhi beba kadi zote mbili uende kliniki.

Sasa hiyo miezi 8 ina maana gani. Shirika la Afya Duniani liliwahi kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto wenye afya zao, waliozaliwa kwa wakati, majibu yakatoka 2006. Wapo waliokaa bila kushikwa kabla ya miezi 4 kutimia na wapo waliosubiri mpaka wakapita 9. Kutambaa kwa mikono na magoti, kuanzia miezi 5 na kidogo mpaka 13 na nusu. Kutembea wenyewe, miezi 8 mpaka karibu 18! Na kwenye kila watoto mia kama wanne hivi hawakutambaa hivyo kabisa, hao ni wale wa kusota kwa makalio au kuruka moja kwa moja kusimama. Kwa hiyo Doto wako bado yumo uwanjani kabisa, na Kurwa naye tusimpe sifa za bure, kuwahi kusimama hakumfanyi awe na akili kuliko mwenzie.

Haya, kubemenda. Mwanangu, hao watoto wamekaa tumbo moja, wananyonya mama mmoja, baba yao ni yule yule, sasa hilo bemendo lina macho, linamchagua Doto linamruka Kurwa? Muulize mama mkwe hivyo hivyo ila kwa adabu, na ukimuuliza uwe umeshampakatisha Doto, bibi mwenye mjukuu mapajani hawezi kukasirika sana. Ya jirani ina chembe ya ukweli iliyopotea njia, ni kweli wapo mapacha wanaochangia kondo moja na damu ikazidi kwenda kwa mmoja, lakini hilo madaktari wanaliona kwenye altrasaundi au siku ya kuzaliwa, haligunduliki kibarazani mtoto ana miezi 10.

Woka achana nayo. Kanada wamezipiga marufuku tangu 2004, watoto walikuwa wanaporomoka nazo kwenye ngazi, na wala hazimfundishi mtoto kutembea, zinamning'iniza tu anasukuma kwa ncha za vidole. Hela hiyo nunua mkeka mpana. Mlaze Doto kifudifudi akiwa macho, weka kijiko cha bati mbele yake, mbali kidogo na mkono. Na hapa ndo penye siri ya wenye mapacha: Kurwa asiwepo. Kurwa akiwepo atakuwa ameshakichukua kile kijiko kabla Doto hajakiona vizuri, na Doto akishazoea kwamba kila kitu kinachukuliwa na mwenzie hahangaiki tena. Mpe Kurwa kwa baba yake watoke nje robo saa. Doto naye apate zamu ya kuwa mtoto peke yake, mapacha hicho ndo kitu wanakikosa kuliko hata maziwa.

Cha kukufanya usisubiri ni hivi: akifika miezi 9 kwa hesabu yake ile, yani 11 ya kuzaliwa, bado hawezi kukaa mwenyewe, au anatumia mkono mmoja tu na wa pili umekunja ngumi muda wote, watu husema "huyu mashoto" wakacheka, mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kuwa mashoto wala wa kulia, mpeleke, au mwili umelegea kama kitambaa, au umekakamaa ukimvalisha nepi mapaja hayafunguki, au alikuwa anaweza kitu kimemtoka. Hilo la mwisho usilale nalo hata usiku mmoja.

Na hata kama hamna hayo, kwa kuwa walikuwa njiti, ukienda kliniki usiishie kwenye mzani, mwambie nesi wazi kwamba walizaliwa wiki ya 32 na Doto anakaa hivi na hivi. Foleni ile wengine wanapima wanaondoka.

Bethdei sasa. Ngoja nikuhadithie. Wangu wako kidato cha pili sasa hivi, lakini kipindi kile nilikuwa nawafananisha mpaka nikamwogesha Kurwa mara mbili jioni moja, Doto akalala na jasho lake, toka hapo nikawa nampaka Kurwa rangi ya kucha kwenye dole gumba la mguu. Nikawa na daftari la shule, ukurasa wa kushoto wa Kurwa, wa kulia wa Doto. Jino, kujigeuza, kukaa, kila mtu kwake. Kurwa alijaza ukurasa haraka, wa Doto ulikuwa mweupe mpaka unatia huruma. Afu siku moja niko kwenye daladala natoka kazini dada wa kazi ananipigia anapiga kelele, nikajua kuna aliyeungua, kumbe Doto! Alikuwa ameshika pindo la kanga iliyoanikwa kwenye kamba, upepo ukaivuta kanga naye akaifuata, hatua tatu, akakaa chini puu. Kurwa alikuwa pembeni anakula mchanga. Yani yule wa kusimama dede mwezi mzima kabla, ye alitembea wiki tatu baadaye. Nililia kwenye daladala kondakta akanisamehe nauli, akidhani nimefiwa.

Siku hiyo tulipika wali kuku, siku ya Jumanne tu. Kurwa aliposimama mwezi mmoja nyuma tulinunua soda. Ndo bethdei zenyewe hizo mwanangu, zinakuja bila tarehe. Kwa hiyo ile ya mwaka mmoja mwachie mama mkwe afanye, mwaka mzima wa njiti wawili walioanza na gramu za kubebwa kifuani ni wa kupikiwa pilau, wala usimnyime. Ila weka sharti moja, hamna kuwasimamisha mbele ya watu "hebu tuone nani anatembea", maana hiyo michezo ndo inaanza utani na inaisha wewe uko chumbani unalia. Atakayekuuliza Doto anatembea lini mwambie akianza atakuja kwako kukudai zawadi.

SWALI: Habari Mama Pacha. Mimi ni baba wa watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, tuko Mwanza. Mwezi ujao wanatimiza mwaka. Hali ya uchumi ndo hivyo, nepi peke yake ni kama nalipa kodi ya nyumba ya pili. Ndugu wanasema lazima keki tatu, la sivyo tutakuwa tumewabagua. Pia wale wawili wa mwanzo tunawaita Kurwa na Doto, huyu wa tatu watu wanamwita Shija, ni sawa? Mke wangu alirudi kazini mapema na anajilaumu kwamba hakuona mengi.
Baba Watatu

JIBU: Shemeji yangu, Shija kwa Wasukuma ni yule anayezaliwa baada ya mapacha, mimba nyingine kabisa, kwa hiyo hao ndugu zako ama wanakosea ama wanakutakia makubwa. Kama jina mmeshalizoea mwacheni nalo, lakini akija mwingine msitafute jina kwangu.

Keki moja inatosha! Mtoto wa mwaka mmoja hahesabu keki, anahesabu ni nani anamwangalia. Mi nilichofanya ni keki moja ya kuoka nyumbani, mishumaa ikawashwa mara mbili, wimbo tukaimba mara mbili, kila mmoja jina lake peke yake amebebwa peke yake. Nyie mtaimba mara tatu, wageni watachoka, sawa tu. Picha vile vile, ya pamoja piga, lakini kila mmoja awe na yake akiwa peke yake, na nyuma ya kila picha andika jina siku hiyo hiyo, usijiamini kwamba utakumbuka. Mi nina picha moja nzuri sana ya jino la kwanza na mpaka leo hatujui ni la nani, wanagombania.

Zawadi, waambie ndugu wasilete kitu kimoja "cha watoto", kitaishia kwenye vita. Bora wachange nepi.

Kuhusu mama yao. Sheria ya kazi ya 2004 inampa anayejifungua mmoja likizo ya siku 84, akijifungua zaidi ya mmoja siku 100. Yani mtoto wa pili kathaminiwa siku 16 na wa tatu hana hata nusu siku, sijui waliokaa wakapanga hivyo walishawahi kumbeba mmoja mgongoni na wawili wanalia kitandani. Kwa hiyo asijilaumu, hakuondoka kwa kupenda. Mwambie anayebaki na watoto kwamba hatua mpya ikitokea mchana asitangaze, anyamaze tu, jioni mama akirudi mtoto atairudia na mama ataiona "mara ya kwanza". Mi dada yule wa kazi siku ile kanga ilivyopepea hakuweza kunyamaza, lakini kuna mengi najua alinifichia na namshukuru.

SWALI: Asalaam aleykum Bi Pacha. Tuko Muscat, kwetu asili Unguja. Wanangu wa kiume miezi 21, nyumbani Kiswahili, nje Kiarabu. Wao wenyewe kwa wenyewe wanaongea maneno hata sisi hatuyajui, wanacheka, wanaelewana, lakini kwetu wana maneno kama matano tu. Bibi yao anasema tuache lugha moja.
Umm wa Wawili

JIBU: Waaleykum salaam. Lugha msiache hata moja, mbili hazimcheleweshi mtoto, ukihesabu maneno yake hesabu ya Kiswahili na ya Kiarabu kwa pamoja. Mapacha wengi wanachelewa kidogo kuongea na sababu ni hiyo unayoiona, kila mmoja ana mtu wa kuongea naye ambaye hamsahihishi, na wewe maneno yako unawagawia wawili kwa mpigo, "njooni", "kaeni", "kuleni". Hebu jichunguze siku moja uone mara ngapi unasema "njoo" kwa mmoja, ukimtaja jina na kumwangalia machoni. Anza hapo, kwenye kuoga, mmoja mmoja, taja sikio, taja goti, subiri akujibu hata kama ni "aa". Akielekeza kidole kwa kikombe usimpe kimya kimya, sema "kikombe" ndo umpe.

Lakini maneno matano kwa miezi 21 ni machache, kama walizaliwa kwa wakati wao mi nisingesubiri miaka miwili. Kawapimishe masikio kwanza, wote wawili, hata yule unayeona anasikia. Halafu niandikie neno jipya la kila mmoja litakapokuja. Doto wangu la kwanza lilikuwa "bado".