Stoo ya chini ina unyevu, nipulize foamu?

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Mkomani, Lamu, kwenye nyumba ya marehemu baba, zile za zamani za mawe ya matumbawe. Stoo ya chini ukuta ni majimaji mwaka mzima, plasta ya simenti inabanduka, magunia ya mchele yanashika ukungu. Shemeji yangu wa Canada alipuliza foamu, ile dawa inayovimba na kugandia ukutani, kwenye besimenti yake, yaani chumba cha chini ya ardhi, na mpaka leo pakavu kabisa, sasa anataka kututumia pesa tufanye hivyo hivyo. Nikubali?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Shemeji hajakudanganya, lakini nakuomba pesa hiyo usiitie kwenye foamu.

Shida ya kule ni baridi. Ukuta wa besimenti umeegemea udongo baridi, hewa ya joto ya ndani ikiugusa inageuka maji, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho, kwa hiyo sentimita 5 za foamu ile nzito zinaizuia hewa isifike ukutani na mambo yanatulia. Wewe nadhani maji yako yanatoka ardhini, tumbawe linayanyonya pamoja na chumvi, na ukiziba hapo yatatafuta njia ya juu hadi kwenye boriti, halafu mchwa wakila nyuma ya foamu utawaonea wapi?

Hakikisha kwanza. Chukua nailoni kama nusu mita, ibandike ukutani kwa seloteipu pande zote nne, iache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumba ni jasho la hewa, fungua madirisha. Yakikaa upande wa jiwe, yanatoka ukutani, hapo angalia na bomba la choo au mfereji unaopita nje.

Mimi niliwahi kumpigia shangazi yangu simenti ukuta kama huo, masika ya pili ikavimba, nikaigonga kwa nyundo likaanguka bamba zima, nyuma chumvi nyeupe kama unga na jiwe lenyewe linasagika kwa kidole. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo simenti ibanduliwe yote, chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, ukuta uachwe ukauke hata miezi kadhaa, usiharakishe hapa, halafu upigwe chokaa, debe 1 kwa mchanga madebe 3, na mchanga usiwe wa ufuoni maana ndio chumvi ile ile. Mkono mwembamba mwembamba, unarushiwa maji siku kadhaa usipasuke. Chokaa inapumua, foamu nzito haipumui.

Na foamu ikishika moto moshi wake ni sumu, ndiyo maana Marekani wanaifunika kwa jipsamu, na vichochoro vyetu gari la zimamoto halipiti dada yangu. Hata siku ya kupuliza mnahama nyumba, kawaida saa 24.

Mji mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2001, basi kabla fundi hajagusa ukuta pitia kwa watu wa makumbusho. Ukishaibandua nailoni niandikie matone yalikuwa upande gani.