Muulize Anko: Biashara Gani Hiyo Isiyojua Mbalamwezi?

Wiki hii meseji zenu karibu zote zimekuja na swali lile lile, mara limevaa kanzu mara limevaa suti: Anko, kuna apu ya kripto, hizi sarafu za mtandaoni, inalipa hapa Mwanza, niingie? Nimechagua barua nne. Majina nimeyaficha, na jina la apu sijaliweka maana hata ningeliweka lisingewasaidia, mpaka gazeti linatoka wenyewe watakuwa wameshabadilisha jina na nembo.

Shikamoo Anko. Mi ni mama nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mwezi uliopita kijana wa kwaya yetu alinielekeza apu fulani, unaweka hela inageuzwa kuwa dola za mtandaoni wanaziita USDT, alafu kuna roboti inatredi, yani inanunua na kuuza, yenyewe. Kila siku saa 3 usiku admini anatuma signo, yani ishara ya kutredi, kwenye grupu, unaibonyeza, unapata asilimia 3. Niliweka 200,000 na kila siku naona 6,000 inaingia, haijakosa hata siku moja. Nikajaribu kutoa 50,000, ikaja kwenye simu ndani ya dakika 10. Sasa mi ndo mweka hazina wa kikoba chetu, tuna 3,400,000 imekaa tu, wenzangu wanasema tuiweke yote. Moyo unasita lakini hela nimeiona kwa macho yangu. — Mama wa dagaa, Kirumba

Marahaba mama yangu. Hela ya kikoba usiiweke hata shilingi mia, na hiyo yako anza kuitoa leo.

Umeandika "haijakosa hata siku moja" kama kitu cha kusifia, na mimi hapo hapo ndo nimeogopa. We unauza dagaa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni na Mwaloni panapoa, giza likirudi mzigo unamwagika mpaka bei inaanguka, na mvua ikikukuta umeanika unaishia kuwauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Miaka yote hiyo umewahi kupata faida ile ile kila siku ya Mungu? Na kripto ndo inayumba kuliko dagaa, Bitcoin yenyewe, ile sarafu kubwa kuliko zote, Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, mwaka mmoja baadae ikawa chini ya dola 17,000. Sasa hiyo roboti inatredi kwenye ziwa gani lisilo na mbalamwezi?

Tupige hesabu kidogo, chukua kikokotoo cha simu. Asilimia 3 kwa siku ukiiacha izaliane, hela inajizidisha mara mbili kila baada ya siku 24 hivi. Laki mbili yako ikikaa mwaka mzima inakuwa zaidi ya bilioni 9. Bilioni, mama, sijakosea. Hatifungani za serikali, yani unaikopesha serikali ikulipe riba, za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa kama asilimia 12 mpaka 15 na ushee KWA MWAKA na watu wanazigombania. Mwenye roboti ya asilimia 3 kwa siku angekopa milioni moja tu benki akajifungia ndani, asingemtuma mwanakwaya aje kukubembeleza kwenye meza ya dagaa.

Sasa ile 50,000 ilitoka wapi? Ilitoka kwa aliyeingia baada yako, wala haina siri nyingine. Wanakulipa kidogo haraka haraka ili ukawe shahidi, na umeshakuwa, kikoba kizima kimekusikia. Wachina wana jina la huu mchezo, wanauita sahani ya kuchinja nguruwe, yani unamnenepesha kwanza. Ni mchezo wa zamani, mwaka 1920 kule Boston Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45 akidai anafanya biashara ya kuponi za posta. Hapa kwetu wenye umri wangu wanaikumbuka DECI, ule upatu uliokusanya hela za watu, wakati ule tuliambiwa tunapanda mbegu tutavuna, serikali ikaifunga 2009 na wengi mbegu zao zikaozea shambani. Saivi kuponi na mbegu zimepewa jina la roboti, na Aprili 2025 Nigeria walilizwa na jukwaa liitwalo CBEX lililosema akili mnemba inatredi na kuzidisha hela mara mbili kwa mwezi.

Alafu hiyo signo ya saa 3 usiku ni maigizo. Ukibonyeza unajiona umefanya kazi, umetredi, kumbe kinachobadilika ni namba kwenye skrini tu na namba mtu yeyote anaweza kuiandika. Kumbuka siku ile unatuma laki mbili: kabla hujaweka namba ya siri, simu ilikuonyesha jina la anayepokea. Lilikuwa la kampuni au la mtu tu? Wengi mlionijibu mnasema mtu tu, na kila mara jina jingine.

Fanya hivi leo: jaribu kutoa YOTE iliyobaki, sio elfu hamsini. Ikija, mshukuru Mungu ufute apu. Ukiambiwa subiri, au ongeza kidogo kwanza ndo utoe, jibu umeshalipata, na wenzako wa kikoba waonyeshe hiyo meseji badala ya kuwahubiria.

Anko mambo vipi. Mi nina swali fupi. Hawa jamaa wana cheti cha BRELA nimekiona, admini katupia na klipu ya Rais akiongelea kripto, alafu serikali yenyewe inakata kodi ya kripto. Sasa utapeli uko wapi? — Bodaboda, Igoma

Poa mdogo wangu. Umeletewa vitu vitatu vya kweli vimefungwa na kamba ya uongo, ngoja nivifungue.

BRELA inasajili kampuni na majina ya biashara tu, haitoi ruhusa ya kukusanya hela za watu, kama ambavyo leseni yako ya kuendesha haikupi ruhusa ya kuanzisha benki. Ili mtu akusanye hela za watu akawekeze anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na akitaka kupokea amana kama benki ni Benki Kuu. Taasisi zote mbili zinaweka orodha za wenye leseni kwenye tovuti zao. Muulize admini namba ya leseni, sio cheti. Kawaida hapo ndo unatolewa kwenye grupu.

Klipu ya Rais ni ya kweli na ilitokea hapa hapa kwetu, 13 Juni 2021, Rais Samia alikuja Mwanza kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu akawaambia watu wa benki hiyo wajiandae na haya mabadiliko ya sarafu za mtandaoni. Kuambiwa jiandae na kuruhusu apu ya admini wako wapi na wapi. Kumbuka pia Novemba 2019 Benki Kuu ilishatoa tangazo kwamba hizi sarafu sio fedha halali hapa nchini. Na kodi ipo, Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka zuio la asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, lakini TRA kukata kodi sio kukupa muhuri wa ubora, anakatwa hata muuza viatu feki.

Usitishwe na ofisi, tai na ukumbi mkubwa pia. Ruja Ignatova, yule mama wa sarafu feki ya OneCoin, alijaza ukumbi wa Wembley Arena London mwaka 2016 watu wanampigia makofi, Oktoba 2017 akapanda ndege Sofia kwenda Athens na hajaonekana mpaka leo, FBI, wapelelezi wa Marekani, walimuweka kwenye orodha ya wanaosakwa zaidi 2022. Wanakadiria zaidi ya dola bilioni 4 zilipotea. Ile sarafu yake haikuwa hata na blokcheni, lile daftari la wazi ambalo kila muamala wa kripto ya kweli unaandikwa na yeyote anaweza kulisoma. Na usidhani ni mambo ya Ulaya, hapo ng'ambo ya ziwa Uganda watu waliuza mifugo na mashamba kuinunua.

Anko naomba msaada haraka. Salio langu kwenye apu linasoma 4,100,000, nimeomba kutoa wanasema nilipe kwanza kodi asilimia 15 ambayo ni 615,000 ndo wafungue. Kuna mtu pia Telegramu anasema ni hacka anaweza kunirudishia kwa 200,000. Nikope nilipe ipi? — Mwalimu, Sengerema

Usilipe yoyote mwalimu. Kodi ya halali inakatwa kwenye hela yako, haitangulii kulipwa kwa hela nyingine kwenye namba ya mtu. Kama kweli wana 4,100,000 yako, wakate hiyo 615,000 humo humo wakupe 3,485,000 inayobaki. Waandikie sentensi hiyo uone watakavyojibu. Najua hawatakubali kwasababu ndani hamna kitu cha kukata. Na huyo hacka mara nyingi ni jamaa wale wale, au ni mtu kauziwa orodha ya waliolizwa, anajua bado mna kiu ya kurudisha.

Nakwambia hivi na mimi nilipita. Mwaka 2018 nilikuwa na kibanda cha wakala Buzuruga, nikaingia kwenye moja ya hizi nisiitaje, waliponiambia nilipe ada ya kufungulia nikalipa kutoka kwenye floti ya kazini. Wiki iliyofuata ikaja ada ya pili, nikalipa tena!! Mke wangu aligundua kwa kuona wateja wanarudishwa dirishani naambiwa Anko huna floti saa 4 asubuhi. Ile ya pili ndo inaniuma mpaka leo, maana ya kwanza nilidanganywa lakini ya pili nilikuwa najua, nilikuwa tu sitaki kukubali.

Cha kufanya saivi: piga skrinshoti za kila kitu kabla hawajafuta grupu, salio, mazungumzo, namba za simu, meseji za miamala zenye kumbukumbu namba na majina ya wapokeaji. Kama ulituma muda sio mrefu piga huduma kwa wateja wa mtandao wako waeleze ni utapeli, hela ikiwa bado ipo kwenye ile laini kuna nafasi ndogo, ikishageuzwa USDT na kuhamishwa muamala wa kripto haurudishwi na mtu. Meseji zao zitume kwenda 15040. Nenda polisi ufungue jalada, waulize wa makosa ya mtandao, na ubebe vielelezo vimechapwa, usiende na simu yenye chaji asilimia 4. Kama uliwapa picha ya kitambulisho cha NIDA, bonyeza *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako, usiyoijua kaikatae. Na ile apu kama uliipakua kwa linki ya WhatsApp badala ya duka la simu, ifute, ubadilishe namba za siri zote.

Milioni nne na laki moja kwenye skrini isahau, hesabu ulichoweka mwenyewe. Hicho ndo hasara yako, na pengine ni kidogo kuliko unavyolia.

Anko nisaidie kimawazo, nasoma chuo hapa Nyegezi. Kuna apu niliwaingiza watu 14, kila mmoja nilipata kamisheni, jumla kama 180,000. Tangu juzi kutoa hela hamna, admini anasema wanaboresha mfumo mpaka tarehe 30 na tuwatulize watu wetu. Mama yangu mdogo aliuza mbuzi wawili akaingia kupitia mimi. Mi pia nimeliwa 350,000. Je na mimi ni mwizi? — Mwanafunzi, Nyegezi

Mwanangu, mpaka juzi ulikuwa umedanganywa. Kuanzia leo, ukiwatuliza watu wakati unajua hawatoi hela, hapo unageuka kuwa sehemu ya utapeli. Tarehe 30 haiji. "Tunaboresha mfumo" ndo sentensi wanayoaga nayo, wanataka siku chache za ukimya wamalizie kuvuna wale ambao bado wanaweka.

Kwenye sheria kuwa makini, Kanuni ya Adhabu inakataza biashara ya upatu, yani kuwalipa wa mwanzo kwa hela za wanaoingia nyuma, na aliyeingiza watu kwa kamisheni hawezi kusema tu mi nilikuwa mteja. Karl Greenwood, aliyeanzisha OneCoin pamoja na Ruja Ignatova, alifungwa miaka 20 Marekani mwaka 2023. We sio Greenwood, lakini polisi wakianza kuuliza nani alikuingiza, wale 14 watataja jina lako, la admini hawalijui hata moja. Ni bora uwe umeshafika kituoni mwenyewe, na vielelezo vyako, ukiwa shahidi.

Usiku huu huu wapigie wote 14, usiandike kwenye grupu admini atafuta. Waambie wasiongeze hela, wasilipe ada ya kufungulia, wapige skrinshoti. Watakutukana, wewe sikiliza tu. Hiyo kamisheni ya 180,000 usiile, igawe kwa walioumia zaidi hata kama haitoshi kitu.

Anza na mama yako mdogo, na hiyo usifanye kwa simu, panda gari uende.