Sili tatu ndani ya miezi minane, na Land Cruiser bado inavuja mbele

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser pikapu, HZJ79 yenye injini ya 1HZ, ninayobebea mazao kutoka vijiji vya Mbulu hadi Arusha. Njiani kuna makorongo, na masika maji hufika katikati ya gurudumu. Shida yangu ni ekseli ya mbele. Upande wa kulia, nyuma ya gurudumu, panatoka uchafu mweusi kama grisi iliyoyeyuka, unashuka hadi kwenye rimu. Ndani ya miezi minane nimebadilisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, mara tatu, na kila mara baada ya wiki chache inavuja tena. Fundi wangu anasema sili za siku hizi ni feki. Pili, nikiwa kwenye lami, mwendo wa 70 hadi 80, nikipiga shimo dogo usukani unaanza kutikisika kwa nguvu mpaka nipunguze mwendo kabisa. Nimeambiwa ninunue shokapu ya usukani. Tatu, nikitoka kwenye matope nikapanda lami, gia ya H4 (magurudumu yote manne) inagoma kurudi H2 (ya nyuma tu), na nikikata kona gari linajikaza kama limeshikwa breki. Haya ni matatizo matatu au ni moja? Dereva, Mbulu.

JIBU: Usinunue sili ya nne, na hiyo shokapu ya usukani iache dukani kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, la kwanza na la pili ni ugonjwa mmoja. La tatu halina uhusiano nao, na huenda halihitaji hata spea.

Tuanze na uchafu huo mweusi. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna tufe la chuma linalong'aa, na juu yake limevikwa kombe linalogeuka na usukani, ambalo sisi tunaliita nako. Ndani ya nako ndimo inamokaa sivi jointi, kile kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limegeuzwa, ikiwa imezungukwa na grisi nzito. Upande wa pili wa tufe, ndani ya ekseli, kuna oili ya difu, zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Kinachotenganisha grisi na oili ni sili moja ndogo ya ndani ambayo shafti inapita katikati yake. Ile sili kubwa unayoiona kwa nje, ya duara yenye kitambaa na mpira, kazi yake ni kufuta vumbi kwenye tufe. Haikuumbwa kuzuia oili. Kwa hiyo fundi akikubadilishia hiyo ya nje peke yake, hata uitoe kiwandani Japani kwa mkono wako, itavuja tu.

Pima hivi kabla ya kufungua chochote. Juu ya nako kuna plagi ndogo yenye kichwa cha pembe nne. Ifute vizuri, ifungue, ingiza waya safi. Waya ukitoka na grisi nzito inayoshika kama siagi, sili ya ndani ni nzima. Ukitoka na uji mweusi unaochuruzika na kunuka kama oili ya giaboksi, basi oili ya difu imeshavuka. Kisha fungua plagi ya kujazia kwenye difu ya mbele na uingize kidole: oili inapaswa kufika ukingoni mwa tundu. Nakuhakikishia kwako imeshuka. Na ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji ya korongo yameingia na hiyo oili ni ya kumwaga leo, si kesho.

Na kama fundi wako alibadilisha ile ya ndani kweli, kwa nini inakufa kila baada ya wiki chache? Feki zipo, sikatai. Lakini sili feki tatu mfululizo, upande ule ule wa kulia, wakati kushoto kumetulia? Hapo mimi naangalia kinachoiua.

Cha kwanza hakigharimu hata shilingi. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kikofia kidogo cha chuma. Difu ikipata joto kwenye safari ndefu, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Tope likikiziba, hewa inasukuma oili ipitie sili iliyo dhaifu kuliko zote. Halafu unaingia korongoni na ekseli ya moto, maji ya baridi yanaipoza ghafla, hewa inasinyaa, na sasa ekseli inavuta maji kupitia sili ile ile. Kifungue, kioshe kwa dizeli, kipulize mpaka kipitishe hewa bila kizuizi. Gari linalovuka maji kila wiki mimi huliondolea kile kikofia na kufunga mpira mrefu unaopanda hadi sehemu ya injini, juu kabisa. Ila kipumulio ni cha ekseli nzima, kwa hiyo hakielezi vizuri kwa nini ni kulia tu.

Kinachoeleza kulia ni beringi za kingipini. Nako imeshikwa juu na chini na beringi mbili ndogo, na ndizo zinazobeba ugeukaji wa gurudumu. Zikilika, nako inashuka kidogo, nusu milimita tu inatosha, na shafti inaacha kukaa katikati ya sili. Inakuwa inailalia upande mmoja. Sili mpya ya aina yoyote, ikilaliwa na chuma kinachozunguka, itachanika. Na beringi hizo hizo zikiwa na uchezi ndipo usukani unapotikisika ukipiga shimo. Ndiyo maana nikasema ni ugonjwa mmoja.

Kupima ni rahisi, ila watu hurukia hitimisho. Piga jeki gurudumu la kulia liwe hewani, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza, usiseme bado ni beringi gani. Mwambie mtu akanyage breki na aishikilie, kisha tikisa tena. Breki inafunga hab (kitovu cha gurudumu) na nako kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kama uchezi umepotea, ulikuwa kwenye beringi za gurudumu. Kama bado unacheza, ni za kingipini. Nimeona magari yaliyofungwa beringi mpya za gurudumu mara mbili kwa sababu tu hakuna aliyekanyaga breki wakati wa kupima.

Ukizitoa za kingipini, osha kombe la beringi, ile pete ambamo roli zake huzunguka, na uliinamishe kwenye mwanga. Utaona mistari ya vishimo pale ambapo roli zilikaa miaka yote gurudumu likiwa limenyooka, maana barabara ya mawe hupiga sehemu moja. Dereva huwa ameshaihisi bila kujua: usukani unashika katikati, kana kwamba umeangukia kwenye mfereji. Kombe la namna hiyo halirudishwi na grisi. Badilisha juu na chini, na ufanye pande zote mbili.

Ukiwa umeshafungua, kuna mambo mengine mawili ya kuangalia ambayo mafundi wengi wanayapita. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitaziba hapo, hiyo shafti imekwisha. Kisha tazama bushi ya shaba iliyo ndani ya spindo, ule mkono wa bomba ambao hab inakaa juu yake. Bushi ikilika shafti inapiga juu na chini, na inaiua sili kama kingipini inavyoiua.

Kwenye kufunga, kosa kubwa ni la shimu, vile vibati vyembamba vya chini na juu ya beringi za kingipini. Vinafanya kazi mbili kwa pamoja: vinaweka kaza ya beringi, na vinaiweka nako katikati ili shafti ipite katikati ya sili. Fundi akivichanganya, vya juu vikaenda chini, kaza inaweza kuwa sawa kabisa na katikati ikapotea, na sili inachanika tena. Mimi huvitia kwenye vifuko viwili na kuandika juu, chini, kulia, kushoto. Kaza yenyewe hupimwa kwa mizani ya kuvuta kwenye ncha ya mkono wa usukani, na kipimo chake kimo kwenye kitabu cha chesisi yako. Fundi anayekuambia anapima kwa mkono, muulize mkono wake una kilo ngapi.

Grisi: osha yote ya zamani, kila kona. Zamani nilikuwa kijana mwenye haraka, nikafunga sili mpya juu ya uji wa zamani kwa sababu mteja alikuwa anasubiri na mzigo. Hakufika mwezi, akarudi, nami nikairudia kazi yote bila malipo. Ile grisi iliyochanganyika na oili ilikuwa imebaki laini, ikaiyeyusha mpya. Kwenye sivi jointi weka grisi nyeusi yenye molibdenamu, na ujaze nako kama robo tatu, usiishindilie. Beringi za gurudumu ziwekee grisi yake ya beringi. Difu ijaze oili ya GL-5 ya 90.

Na hili nitalisema kwa sauti: boliti zinazoshika mkono wa usukani kwenye nako zikazwe kwa spana ya kipimo, pamoja na washa zake za umbo la pia, halafu zikaguliwe tena baada ya kilometa 1,000. Zikilegea hukatika, na zikikatika gurudumu moja linabaki bila usukani. Mengine yote hapa ni gharama tu. Hilo linaua.

Usichelewe pia kwa sababu ya breki. Ule uji hauishii kwenye nako. Hupenya kwenye spindo, ukayeyusha grisi ya beringi za gurudumu, ukatokea kwenye diski. Siku utakayobonyeza breki gari likavuta upande mmoja, ujue uji umefika kwenye breki.

Kuhusu shokapu ya usukani: itaficha mtikisiko, na hapo ndipo hatari yake. Ukimaliza kingipini na mtikisiko ukabaki, fuata mpangilio: upepo na balansi ya matairi, tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja), kisha bushi za ile fimbo inayoshika ekseli ya mbele isiende kushoto na kulia, kwa kuwa gari lako lina springi za koili mbele. Shokapu ni ya mwisho.

Sasa H4. Gari lako halina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiweka H4, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza. Kwenye lami tairi haitelezi, basi tofauti inajikusanya kwenye shafti na gia kama kamba inayosokotwa. Ndiyo kule kujikaza, na ndiyo sababu mkono wa gia haurudi: gia zimebanwa. Usiupige kwa nguvu. Rudi nyuma moja kwa moja mita kadhaa, usukani ukiwa umenyooka, ukiweza gurudumu moja liwe kwenye changarawe, huku unauvuta mkono polepole. Utasikia "tak", umeachia. Kuanzia sasa toa H4 ukiwa bado kwenye vumbi, kabla ya kupanda lami.

Ila niambie: je, linajikaza hata ukienda moja kwa moja? Kama ndiyo, angalia matairi. Wabeba mzigo wengi hufunga mapya nyuma na kuacha vipara mbele. Tairi lako la 7.50R16 lina mzunguko wa kama mita 2.5. Likilika milimita 5, kila mzunguko unapungua kwa zaidi ya sentimita 3, na ndani ya kilometa moja tofauti hiyo inafika takriban mita 12. Mita 12 ambazo gia zinalazimishwa kuzimeza, ukiwa hujakata kona hata moja.

Hab za mbele zikiwa LOCK (zimefungwa na shafti, wakati FREE zimeachiwa) huku mkono uko H2 hakuna kinachoharibika, unachoma dizeli kidogo zaidi tu. Kinachowasumbua watu ni kingine: naletewa gari "H4 imekufa", kumbe hab moja iko LOCK na nyingine FREE. Na kiangazi usiiache ekseli ya mbele ilale miezi. Toyota wenyewe wanataka uendeshe kwa H4 walau kilometa 16 kila mwezi ili oili ifike kote. Fanyia kwenye barabara ya vumbi.

Kazi nzima ya pande mbili, ikifanywa kwa utaratibu, kwangu huchukua siku mbili. Ukikuta fundi anakuahidi kumaliza kwa muda wa saa tatu, ujue anabadilisha ile sili ya nje. Ukishafungua plagi ya nako na kutikisa gurudumu breki ikiwa imekanyagwa, niandikie umeona nini, maana kama uchezi utapotea nitakuwa nimekosea upande wa kingipini na tutaanzia kwenye beringi za gurudumu na bushi ya spindo.